Afya Yetu: Protini za Kinga Zikizidi Katika Damu

Mwezi uliopita ukurasa huu ulieleza habari za upungufu wa damu. Mwezi huu tunaeleza habari za kitu kinachozidi ndani ya damu. Kitu hicho ni protini za kinga. Wataalamu huziita kingamwili.

Tuseme wewe ni mama mkulima wa Kisesa, Mkoa wa Mwanza. Unalima mpunga, mahindi na viazi. Kwa miezi miwili umekuwa na uchovu usiokwisha. Umepimwa malaria katika kituo cha afya, haikuonekana. Tabibu amekuandikia barua uende hospitali kubwa mjini. Kutoka Kisesa hadi Mwanza mjini ni kama kilomita 20 kwa barabara kuu ya Mwanza na Musoma. Umepanda gari alfajiri. Umetolewa damu. Jioni umerudi nyumbani na karatasi ya majibu, na umeambiwa urudi kwa daktari baada ya wiki moja.

Karatasi imeandikwa kwa Kiingereza. Mwanao anayesoma sekondari anakusomea. Anasema, "Mama, hapa wameandika protini zimezidi."

Basi maneno yanaanza. Jirani wa kwanza anasema uache maharage na dagaa, maana ndiyo yenye protini. Jirani wa pili anasema damu imechafuka, na kwamba gulioni yuko mtu anayeuza dawa ya kusafisha damu. Jirani wa tatu hasemi kitu. Anakutazama tu, na wewe unajua anafikiri ni UKIMWI. Wote watatu wamekata shauri bila kusikiliza mashahidi.

Wiki moja ni ndefu kwa mtu mwenye karatasi kama hiyo. Kwa hiyo tuisome pamoja.

MAHARAGE HAYANA KOSA

Tuanze na chakula, maana hapo ndipo watu wanapoumia bure.

Neno protini ni kama neno nafaka. Mahindi ni nafaka, mtama ni nafaka, mpunga pia ni nafaka. Lakini ukisikia mpunga umejaa ghalani, huwezi kusema mtama umezidi. Protini nazo ni za aina nyingi sana. Ile ya maharage au ya dagaa ikifika tumboni hukatwakatwa vipande vidogo vidogo. Mwili huchukua vipande hivyo na kujenga protini zake wenyewe: za misuli, za ngozi, za damu. Hakuna mtu anayepata kingamwili nyingi kwa sababu amekula dagaa wengi.

Mgonjwa akiacha vyakula hivyo anajidhoofisha. Na mara nyingi hadhoofiki peke yake, kwa kuwa nyumba nzima hula katika chungu kimoja. Mama akiacha kupika maharage, mtoto wa miaka miwili naye hayapati, na mtoto huyo ndiye anayeweza kupata kwashakoo. Kwa hiyo endelea kupika.

HESABU YA KUTOA

Damu ikikaa katika chupa, chembe nyekundu huzama chini. Juu hubaki maji yenye rangi ya manjano. Katika maji hayo mna protini, na zimegawanyika katika makundi mawili makubwa.

Kundi la kwanza ni albumini. Hii hutengenezwa na ini. Kazi yake moja kubwa ni kuyashika maji yasitoke nje ya mishipa ya damu. Ikipungua sana, miguu na tumbo huvimba. Kundi la pili ni globulini. Ndani ya kundi hili ndimo zilimo kingamwili.

Hospitali nyingi hazipimi globulini moja kwa moja. Hupima protini yote, kisha hupima albumini, kisha hutoa. Tuseme karatasi yako inasema protini yote ni gramu 92 katika lita moja, na albumini ni gramu 34. Fanya hesabu: 92 kutoa 34 ni 58. Hizo 58 ndizo globulini. Kwa kawaida mtu mzima huwa na protini yote kama 60 hadi 80, albumini 35 hadi 50, na globulini kama 20 hadi 35. Kila maabara ina viwango vyake, vilivyochapwa pembeni mwa karatasi. Vitazame hivyo kwanza.

Lakini jua jambo moja. Viwango vingi vinavyotumika viliwekwa kwa kuwapima watu wa Ulaya na Marekani. Watu wazima wa Afrika wenye afya njema mara nyingi huonekana na globulini nyingi kidogo kuliko hao. Sababu yake utaiona mbele. Kwa hiyo mtu wa Kisesa akipata 38 hajapata habari ya kutisha. Akipata 58, daktari ana kazi ya kufanya.

Kuna pia sababu ndogo ambazo si ugonjwa wa kinga. Ukiwa umeharisha au umetapika, au umeshinda juani bila kunywa maji, damu huwa nzito. Protini zote huonekana nyingi, na albumini pia hupanda. Vilevile ukifungwa mpira mkononi kwa muda mrefu wakati mshipa unatafutwa, namba hupanda kidogo. Ndiyo maana daktari mwangalifu hupima mara ya pili kabla ya kusema lolote.

SUNGUSUNGU WA MWILI

Sisi wa kanda hii hatuhitaji maelezo marefu juu ya ulinzi. Katika miaka ya 1980 sungusungu walianza huku Usukumani na Unyamwezi. Yowe likipigwa, kila mwanaume alitoka na upinde wake, na kijiji cha jirani kikaitika. Mgeni aliyepita njiani akaona watu mia mbili wenye mishale alijua mara moja kwamba kuna jambo. Lakini hakujua ni jambo gani. Pengine ng'ombe wameibwa. Pengine ni moto.

Kingamwili ni mishale ya sungusungu hao. Watu wenyewe ni chembe nyeupe za damu. Chembe hizo hukaa katika bandama, katika tezi zile ambazo zikivimba tunaziita mitoki, na katika uboho, yaani kile kitu laini kilicho ndani ya mifupa. Kijidudu kikiingia mwilini, chembe zinazokitambua huzaana upesi na kurusha kingamwili zinazolingana nacho. Namba kubwa katika karatasi yako maana yake yowe limepigwa. Karatasi haikuambii aliyeingia ni nani.

Kingamwili ziko za aina tano, na wataalamu wamezipa majina ya herufi: G, A, M, E na D. G ndizo nyingi zaidi, karibu robo tatu ya zote. Hizi ndizo mama mjamzito humpitishia mtoto aliye tumboni. M ni kubwa kwa umbo na hutangulia kutoka mgeni akiingia. A hulinda utumbo, na zimo kwa wingi katika maziwa ya mama. E hupanda mtu akiwa na minyoo, au akiwa na pumu. D ni chache, tuziache.

MALARIA HUACHA ALAMA

Kwa nini mtu mzima wa pwani ya Ziwa Viktoria ana kingamwili nyingi kuliko mtu wa London? Sababu moja kubwa ni malaria. Mtoto huumwa na mbu mwaka baada ya mwaka. Akinusurika, mwili wake hujifunza kidogo kidogo. Akiwa mtu mzima anaweza kuwa na vijidudu vichache katika damu na bado akaenda shamba.

Jambo hili lilionyeshwa mwaka 1961 huko Gambia, Afrika Magharibi. Wataalamu walichukua kingamwili za G kutoka katika damu ya watu wazima wa huko. Wakawachoma sindano yake watoto waliougua malaria. Vijidudu katika damu ya watoto hao vilipungua sana. Kisha, katika taarifa ya mwaka 1963, walieleza kwamba kingamwili za watu wa Afrika Magharibi ziliwasaidia pia watoto wa Afrika Mashariki. Kwa hiyo wingi ule katika damu ya watu wazima haukuwa uchafu. Ulikuwa dawa ambayo kila mmoja wao aliitengeneza mwenyewe kwa miaka mingi ya kuumwa.

Hata hivyo kuna watu wachache ambao malaria huuchokoza mwili wao kupita kiasi. Kingamwili za M hupanda mara nyingi kuliko kawaida. Bandama huvimba mpaka ikashuka chini ya kitovu. Mgonjwa huhisi uzito upande wa kushoto, hushiba upesi, na damu hupungua. Akipimwa malaria mara nyingi haionekani. Basi watu husema amerogwa, au humchanja chale ubavuni. Chale hazifiki kwenye bandama, ila zinaweza kuingiza wadudu wa kidonda. Mgonjwa huyu pia asipigwe wala asibebe mzigo tumboni, maana bandama kubwa hupasuka upesi.

Madaktari wa Hospitali ya Mulago, Kampala, waliwachunguza wagonjwa wa namna hii katika miaka ya 1960. Mwaka 1971 walieleza matokeo ya kuwapa dawa ya kuzuia malaria kwa muda mrefu. Bandama zilipungua. Dawa hii haifanyi kazi kwa siku tatu kama dawa mseto tunayopewa zahanati. Huchukua miezi, na mgonjwa akiacha katikati bandama hurudi.

KICHOCHO NA WENZAKE

Kando ya ziwa kuna kichocho cha tumbo. Ndani zaidi, kwenye malambo na majaruba, kuna kichocho cha mkojo. Mtu wa Kisesa anaweza kukutana na vyote viwili: cha tumbo akienda ziwani kufua, cha mkojo akilima mpunga. Minyoo ya kichocho huishi ndani ya mishipa ya damu kwa miaka mingi. Kila siku hutaga mayai. Mengine hutoka na choo au mkojo. Mengine hukwama katika ini na kulikomaza.

Mwili haukubali hali hiyo. Unarusha kingamwili za G, za M na za E bila kupumzika, lakini mnyoo amejificha na hafi kwa urahisi. Hapo globulini hupanda na kukaa juu. Ini likiharibika, albumini hushuka kwa wakati mmoja. Ndugu msomaji, ukiona albumini iko chini na globulini ziko juu, na wewe ulikulia ziwani, mwambie daktari hivyo. Wapo watu wa kando ya ziwa ambao dalili ya kwanza waliyoitambua ni kutapika damu. Choo na mkojo hupimwa, na dawa ya prazikwanteli huua minyoo hiyo.

Ini huharibiwa pia na homa ya ini ya virusi na pombe kali, hasa gongo. Karatasi ya majibu hufanana. Kifua kikuu nacho hupandisha kingamwili, kwa hiyo kama unakohoa kwa wiki mbili au zaidi peleka makohozi yapimwe, usingoje daktari akuulize.

Malale yanastahili kutajwa ingawa siku hizi wagonjwa ni wachache sana. Ugonjwa huu ulionekana Maswa mwaka 1922, na mbung'o bado wako katika mapori ya upande wa Serengeti. Kijidudu cha malale kina ujanja wa ajabu. Sungusungu wakimjua mwizi mwenye shati jekundu, yeye hulivua na kuvaa la bluu. Mwili hulazimika kutengeneza kingamwili mpya, kisha mpya tena, kisha mpya tena. Kwa sababu hiyo M hupanda sana. Kama ulikwenda porini kurina asali au kukata miti, na baadaye ukapata homa, kumbuka kusema.

JIRANI WA TATU

Sasa turudi kwa jirani aliyekutazama bila kusema.

Ni kweli kwamba virusi vya UKIMWI hupandisha protini za kinga. Virusi hivi huua chembe zile zinazoamrisha nyingine. Sungusungu wakikosa kamanda, kila mmoja hurusha mshale upande wake. Mishale huwa mingi lakini haimpati mwizi. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa na kingamwili nyingi na bado akaugua ovyo. Akianza dawa za kupunguza makali ya virusi na kuzitumia kila siku, mara nyingi namba hiyo hushuka.

Lakini protini kuzidi si kipimo cha UKIMWI. Kisesa mnalijua hili kuliko vijiji vingi. Mwaka 1994 watafiti wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, kituo cha Mwanza, walianza kuhesabu kaya za Kisesa na kupima damu ya watu wazima waliokubali. Walirudia upimaji huo mara nyingi katika miaka iliyofuata. Katika upimaji wa kwanza, watu wazima kama 6 katika kila 100 walikutwa na virusi. Kufikia mwaka 2000 walikuwa kama 8. Maana yake zaidi ya 90 katika kila 100 hawakuwa navyo. Na wangapi kati ya hao walikuwa na malaria au kichocho? Kwa hiyo jirani yako anakisia, na anakisia vibaya. Kipimo cha UKIMWI ni cha dakika chache na hakina malipo katika vituo vya serikali. Kapime, ujue. Hata ukikutwa navyo, ni bora ukutwe leo wakati dawa zipo.

Hapa tueleze tofauti ambayo huwachanganya wengi. Kipimo cha UKIMWI hutafuta kingamwili za aina moja tu, zile zinazolingana na virusi hivyo. Hakihesabu wingi wa zote. Na hata kingamwili za ugonjwa fulani zikionekana, si lazima ugonjwa uwepo. Mtoto aliyezaliwa na mama mwenye virusi huwa na kingamwili za mama yake, pengine mpaka miezi 18, hata kama yeye mwenyewe ni mzima. Ndiyo maana watoto wachanga hupimwa kwa njia nyingine.

Kipimo cha Widali cha homa ya matumbo kina shida ya namna hiyo. Kilianzishwa mwaka 1896, nacho husoma kingamwili. Mtu aliyewahi kuugua zamani, au aliyepata vijidudu vingine vinavyofanana, anaweza kuambiwa ana taifodi. Kwa maoni yetu watu wengi wamekunywa dawa za taifodi ambayo hawakuwa nayo. Ukiambiwa una taifodi kwa Widali peke yake, muulize tabibu kwa heshima kama kuna kipimo cha kuotesha vijidudu.

MISHALE YA RANGI MOJA

Sababu zote tulizotaja zina jambo moja linalofanana. Chembe nyingi za ukoo mbalimbali hurusha kingamwili za namna mbalimbali. Lakini ipo hali nyingine, nayo ndiyo daktari anayoiogopa zaidi.

Fikiri kijiji ambamo ukoo mmoja wa walinzi umeanza kuzaana bila yowe lolote kupigwa. Wote wamevaa shati moja. Wote wanarusha mshale mmoja wa namna moja, usiolingana na mwizi yeyote. Wanamaliza chakula cha kijiji na kuwafukuza walinzi wengine. Hiyo ni saratani ya uboho, nayo inaitwa maieloma. Chembe moja iliyoharibika imezaa maelfu ya maelfu, na zote zinatoa kingamwili moja.

Daktari ataitambuaje? Mwaka 1937 mtaalamu wa Sweden, Arne Tiselius, alieleza jinsi ya kutenganisha protini za damu kwa nguvu ya umeme. Njia hiyo imeboreshwa na bado inatumika. Tone la maji ya damu huwekwa penye umeme, na kila protini hukimbia kwa mwendo wake. Kisha mchoro hutolewa. Kama mwili unapigana na malaria, kichocho au virusi, mchoro huonyesha kilima kipana kama mgongo wa ng'ombe. Kama ni ukoo mmoja, huonyesha kilele chembamba kilichosimama peke yake, kama yale mawe yaliyosimama ziwani hapo Mwanza mjini. Kipimo hiki hakipo katika kila hospitali. Huenda damu yako ikapelekwa mbali, na huenda ukalipa. Uliza bei mapema.

Si kila kilele ni saratani. Wapo watu wenye kilele kidogo ambao hawaumwi kitu, na wengi wao hawataumwa. Huko Ghana, utafiti uliotolewa mwaka 2007 uliwakuta wanaume karibu 6 katika kila 100 wa umri wa miaka 50 hadi 74 wakiwa na hali hiyo. Idadi hiyo ni karibu mara mbili ya ile ya wanaume Wazungu wa Marekani. Mtu wa namna hii hupimwa tena kila baada ya muda, basi.

Maieloma yenyewe huja na dalili. Mifupa huuma, hasa mgongo na mbavu, usiku na mchana. Damu hupungua. Homa ya mapafu hurudi mara kwa mara. Figo huanza kushindwa. Huwapata zaidi watu waliopita miaka 50. Shida ni kwamba mkulima wa miaka 60 akisema mgongo unauma, kila mtu humwambia ni jembe. Naye hununua diklofenaki dukani, mwezi baada ya mwezi. Dawa hiyo huziumiza figo ambazo tayari ziko taabani. Kipimo cha kijiti cha mkojo nacho hakiioni vizuri protini ya ugonjwa huu, kwa hiyo mgonjwa huambiwa mkojo ni safi. Mzee mwenye mgongo usiopoa, damu pungufu na globulini nyingi asitulizwe kwa vidonge vya maumivu. Apelekwe hospitali kubwa. Kwa kanda yetu ni Bugando, iliyofunguliwa mwaka 1971. Ugonjwa huu kwa kawaida hauponi kabisa, lakini dawa zake huurudisha nyuma na kumpa mtu miaka ya kuishi.

Hata maabara ndogo inaweza kuona dalili ya kwanza. Kingamwili zikiwa nyingi sana, chembe nyekundu hushikamana kama sarafu zilizopangwa, na damu huzama upesi katika bomba la kupimia. Mtaalamu wa maabara akikuambia damu yako inakaa chini upesi mno, hilo nalo lipeleke kwa daktari.

Yapo pia magonjwa ambayo walinzi huushambulia mwili wenyewe. Viungo vya vidole huvimba asubuhi, au vipele hutoka usoni na nywele kunyonyoka. Wanawake vijana hupatwa zaidi. Haya nayo yana vipimo vyake na dawa zake.

SIKU YA KURUDI KWA DAKTARI

Wiki imekwisha, unarudi mjini. Nenda na karatasi yako. Mweleze ulikokulia, maji unayooga na unayolimia, safari zako za porini, pombe kama unakunywa, dawa za dukani na za miti shamba. Mwambie kama umepungua uzito, kama unatoka jasho usiku, kama mifupa inauma. Usione haya. Namba ile 58 haina maana kubwa mpaka maneno hayo yawe kando yake. Ukishasema, muulize: je, ni kilima kipana au ni kilele kimoja? Daktari ataelewa unachouliza.

Ukipewa dawa, ya kichocho au nyingine, usikimbilie kupima tena wiki inayofuata. Kingamwili za G hukaa katika damu muda mrefu. Hupungua nusu kwa kama wiki tatu, hata kama mwili umeacha kuzitengeneza. Kwa bandama ni miezi. Daktari atakupangia tarehe, mara nyingi baada ya miezi mitatu au zaidi. Karatasi ya kwanza usiitupe wala usiifungie chumvi. Itie katika mfuko wa nailoni pamoja na kadi yako ya hospitali, ili siku hiyo aziweke namba mbili pamoja na kutoa moja katika nyingine.